Kabla hujauza karafuu kumpeleka mwana udaktari ng'ambo

Msimu wa karafuu ukimalizika vyema, simu yangu huanza kuita. Anayepiga mara nyingi ni mzazi: baba wa Konde, mama wa Kengeja, ami yake mtu niliyesoma naye skuli hapa Wete, Pemba. Salamu huwa ndefu, kama ilivyo ada yetu, kisha tunafika penyewe. Mtoto kamaliza kidato cha sita, baiolojia na kemia kafanya vizuri, na kuna wakala kasema China miaka sita, au Uturuki, au Misri. Ada si kubwa sana, hosteli ipo, na pesa za karafuu zitatosha mwaka wa kwanza. "Sasa wewe mwanangu ulisoma huko, unatwambiaje?"

Ninayo mengi ya kusema na kwenye simu hayafiki. Nayaandika hapa ili kila atakayeuliza nimtumie asome kwa utulivu, amsomee na mtoto mwenyewe.

Jambo kubwa ninalotaka wazazi walijue ni kwamba baada ya joho kuna mtihani wa leseni. Nchi yoyote ambayo mtoto wako atataka kufanya kazi ina baraza la madaktari, na baraza hilo lina haki ya kumpima kabla ya kumkabidhi roho za watu. Mtihani huo anaushinda au anaushindwa kwa yale aliyoyafanya mwaka wa tatu, wa nne na wa tano akiwa chuoni. Akianza kuufikiria siku aliyotua uwanja wa ndege na cheti mkononi, muda wake mwingi umeshapita.

Mimi nilisoma Nanjing, mji mkuu wa jimbo la Jiangsu. Sisi tuliokulia Pemba, daktari wa Kichina si mgeni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari kutoka China ilifika Zanzibar mwaka 1964, na jimbo linalowaleta ni hilo hilo Jiangsu. Wako hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja na wako hospitali ya Abdalla Mzee hapa Mkoani. Bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho na mmoja wao, mkalimani kasimama kando, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu ikawa inasemwa kwamba mtu akitaka udaktari akasome kwao. Nikaenda.

Chumbani nilikaa na wasichana wawili wa Kihindi, mmoja wa Kerala na mmoja wa Rajasthan. Nilichokiona mezani kwao wiki ya mwanzo sikukisahau. Pembeni ya vitabu vya chuo walikuwa na vitabu vingine vinene vya maswali, walivyotoka navyo kwao. Nikauliza ni vya nini. Wakanieleza kuwa India, tangu mwaka 2002, raia aliyesomea udaktari nje hapewi leseni mpaka afaulu mtihani unaoitwa FMGE. Maswali ni 300 ya kuchagua jibu, yote siku moja, na anayepata chini ya 150 hana leseni. Wanaofeli kwa kawaida huwa wengi kuliko wanaofaulu. Yule wa Rajasthan alikuwa na kaka yake aliyesoma Urusi, karudi na shahada yake nzuri, na mwaka ule bado alikuwa anaufanya na kuurudia, huku anasaidia duka la baba yake. Kwa hiyo wale wasichana hawakusubiri. Kila somo likifundishwa chuoni, usiku wanalitafuta kwenye vitabu vyao vya maswali, wanaona litaulizwa vipi.

Nyumbani hakuna aliyewahi kunieleza habari ya mtihani wa namna hiyo. Nikawa nakaa nao kila usiku baada ya isha, nasoma wanachosoma. Mpaka leo nawashukuru. Udaktari nilifundishwa na maprofesa wa Nanjing, lakini kusoma kama mtu atakayepimwa nilifundishwa na wale wasichana wawili.

Ilipofika miaka ya wodini ndipo nilipoona tofauti kubwa baina yetu wanafunzi wa nje. Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza. Mgonjwa kitandani hasemi Kiingereza. Anasema Kichina, na akiwa mzee wa pale Nanjing anasema Kichina cha kwao ambacho hata mwanafunzi wa Beijing hakipati vizuri. Daktari bingwa akizungusha raundi, wanafunzi wa Kichina wako mbele na sisi tuko nyuma, tunatafsiriwa sentensi moja katika kumi. Aliyekuwa hajui lugha alisimama nyuma vile mpaka akahitimu. Aliyejifunza lugha alisogea kidogo kidogo mbele, na ukisogea mbele unaguswa bega, unaambiwa: haya, msikilize kifua, wewe sema unasikia nini.

Mimi na yule wa Kerala tukajiandikisha masomo ya Kichina ya jioni, na mchana tukawa tunazungumza na wapishi wa mkahawa wa chuo na akina mama wa usafi, kwa sababu wao ndio wenye kuzungumza kama wagonjwa. Ilitusaidia mno. Kule wodi ya wazazi kulikuwa na daktari mmoja mwanamke wa makamo, mkali, hakupenda wanafunzi wa nje. Siku alipoona namuuliza mama mjamzito maumivu yalianza saa ngapi, na mama ananijibu, alinipa nafasi. Nilipima matumbo, nilisikiliza mapigo ya vichanga, nilizalisha mkono wake ukiwa juu ya wangu. Wenzangu ambao Kichina chao kiliishia kwenye salamu wamemaliza miaka sita wakiwa wametia kanula, ule mpira wa dripu, kwenye mkono wa plastiki tu. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Waliambiwa na wakala kwamba programu ni ya Kiingereza, wakaamini kuwa hilo linatosha.

Siku hizi China inataka mwanafunzi wa nje anayesoma kwa Kiingereza awe amefikia daraja la nne la mtihani wa Kichina, HSK, kabla ya kuhitimu. Ni jambo jema, ingawa kwa maoni yangu daraja la nne halimfikishi mtu kwenye maumivu ya bibi kizee. Kwa hiyo mzazi, wakala akishamaliza kueleza ada na hosteli, muulize: wagonjwa wa hospitali ya chuo hicho wanasema lugha gani, na mwanangu atafundishwa lugha hiyo kwa saa ngapi kwa wiki? Akijibu "huko wote wanajua Kiingereza", mshukuru, umuage.

Halafu muulize jina kamili la chuo, ulitazame kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, ile inayoitwa World Directory of Medical Schools. Kutazama ni bure. Kuwemo kwenye orodha si ithibati ya ubora, lakini kutokuwemo ni mlango uliofungwa karibu kila nchi. Na ukapite pia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla ya kulipa chochote. Afya si jambo la Muungano, ndiyo maana Zanzibar ina baraza lake la madaktari na Bara wana lao, Baraza la Madaktari Tanganyika. Elimu ya juu ni ya Muungano, kwa hiyo shahada ya nje hutambuliwa na TCU, uwe wa Chake au wa Mwanza. Na kama mtoto ana ndoto ya kufanya kazi kwa jirani, ajue kwamba Kenya na Uganda zinawapa mtihani waliosoma nje ya Afrika Mashariki kabla hata ya kuwaruhusu kuanza intanshipu, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada.

Sasa nije kwa wale ambao linaniuma zaidi kuwazungumzia.

Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa China pia, mwaka wa tatu, alipokuja likizo ya mwaka mpya wa Kichina mwanzoni mwa 2020. Machi China ikafunga milango kwa wageni, na wengi wa wanafunzi wa nje hawakuanza kurudi mpaka nusu ya pili ya 2022. Miaka ambayo ilikuwa awe wodini, aliisoma hapa Wete kwa simu. Mhadhara wa upasuaji wa saa tatu asubuhi ya China ni saa kumi za usiku kwetu. Alikuwa akiamka, anawasha simu, bando likikatika anakimbilia kwa jirani. Kitabu anakijua, hata mimi ananikumbusha. Kisha akapewa shahada. Siku ya kwanza aliponifuata hospitali nilimwona anamtazama mama mwenye uchungu wa kuzaa kama mtu anayetazama bahari ambayo amesoma habari zake tu. Nani wa kumlaumu? Si yeye. Na hata hivyo baraza litakalompima lina haki ya kutaka kujua kama mikono yake inaweza. India ilipokutana na wanafunzi kama hawa iliwaongezea muda wa mafunzo hospitalini kabla ya leseni kamili. Naliona hilo ni jambo la huruma, kwa mgonjwa na kwa daktari mwenyewe.

Ikaja vita ya Ukraine, Februari 2022, na vijana wetu wakatoka huko na begi moja. Ikaja vita ya Khartoum, Sudan, Aprili 2023. Khartoum imepokea watoto wa Unguja na Pemba miaka mingi, ziko nyumba hapa ambazo baba kasoma huko na mwana kasoma huko. Waliporudi tuliwapokea kwa dua na machozi, tukashukuru wako hai. Baadaye likaja la karatasi. Mabaraza ya leo hayatazami cheti peke yake. Yanataka chuo chenyewe kithibitishe kwamba cheti ni chake. Uingereza, kwa mfano, inataka shahada yako ihakikiwe kwa njia inayoitwa EPIC, na hiyo humwandikia msajili wa chuo na kusubiri jibu lake. Msajili aliyekimbia vita atajibu kutoka wapi?

Nawasihi walioko masomoni nchi yoyote, hata yenye amani: kila mwaka ukimalizika omba transkripti, yaani karatasi ya alama zako, ya mwaka huo yenye muhuri. Ipige picha, itume nyumbani, iweke na kwenye barua pepe yako. Omba na daftari la mafunzo ya wodini lisainiwe, lioneshe wiki ngapi watoto, wiki ngapi wazazi, wiki ngapi upasuaji. Kuna siku mtu atakuuliza hizo wiki.

Baada ya intanshipu na kazi kidogo nyumbani nilitamani kujifunza tiba ya wagonjwa mahututi, nikaamua kufanya mtihani wa Uingereza, PLAB. Nitaueleza kwa urefu kwa sababu ndio ninaoulizwa zaidi, na kwa sababu ulinibadilisha namna ninavyofanya kazi hapa hapa Wete.

Kwanza ni Kiingereza. Baraza lao, GMC, linakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa kitaaluma, kwa wastani wa 7.5, na hakuna sehemu hata moja kati ya nne inayoruhusiwa kushuka chini ya 7.0. Wengi wetu hushikwa kwenye kuandika. Kusoma tumezoea, kusikiliza tunajitahidi, lakini skuli hatukufundishwa kujenga hoja kwa insha ya Kiingereza. Anayejiandaa aandike kila siku, apate mtu wa kumsahihisha bila kumwonea haya.

Sehemu ya kwanza ya PLAB niliifanya Nairobi. Ni maswali 180 kwa saa tatu, yaani dakika moja kwa swali, na dakika hiyo ni pamoja na kusoma kisa cha mgonjwa chenye mistari mitano. Ugumu wake si magonjwa ya ajabu. Magonjwa ni ya kila siku: kifua, presha, mtoto mwenye homa, mzee aliyeanguka. Ugumu ni kwamba unaulizwa hatua inayofuata iliyo salama kwa nchi yao, kwa mashine na dawa walizonazo wao. Mimi nilizoea kuamua kwa kilichopo mkononi. Nilijifunza miongozo yao upya kabisa, na katika kujifunza nikagundua kwamba mambo mengi ya usalama hayahitaji mashine: kuuliza aleji kabla ya kuandika dawa, kuandika saa juu ya karatasi, kumwita mkubwa wako mapema.

Sehemu ya pili inafanyika mji mmoja tu duniani, Manchester. Hapo hakuna kalamu ya kuchagua jibu. Unasimama nje ya mlango, una sekunde 90 za kusoma karatasi iliyobandikwa, kengele inalia, unaingia. Ndani yuko mtu anayejifanya mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa, au muuguzi mwenye wasiwasi, na pembeni kakaa mtahini asiyesema neno. Una dakika nane. Kengele, unatoka, unasimama mlango unaofuata. Kila mlango unaitwa kituo. Mwaka niliofanya mimi vituo vilikuwa 18; sasa ni 16. Vituo nilivyokutana navyo siruhusiwi kuvisimulia na sitavisimulia. Lakini wanachopima wamekitangaza wenyewe: unavyokusanya habari na kumpima mgonjwa, unavyopanga matibabu, na unavyokaa na mtu. Yote matatu yana alama sawa. Yaani kumheshimu mgonjwa na kumsikiliza ni theluthi ya mtihani.

Mazoezi niliyafanya barazani kwetu. Mtoto wa kaka yangu, wakati ule yuko kidato cha tatu, alikuwa mgonjwa wangu. Namwandikia kisa kwenye karatasi, anakishika kwa moyo, naweka simu dakika nane, tunaanza kwa Kiingereza. Mama anapepeta mchele pembeni. Kiingereza hajui. Jioni moja tulipomaliza akasema: "Mwanangu, huyu ndiye anayeumwa au ni wewe? Mbona maneno yote ni yako?" Hakuna kitabu kilichonieleza mtihani ule vizuri kuliko vile. Kuanzia hapo mama akawa mtahini wetu. Anasikiliza sauti tu, mwisho anasema nani kazungumza zaidi, nani kamkata mwenzake, wapi sauti yangu ilikuwa ya amri.

Kwa binti wa Pemba yako mambo ambayo yanahitaji moyo. Kumtazama mtu mzima machoni na kumuuliza kama anakunywa pombe, na kama anakunywa, ni kiasi gani kwa wiki. Kumuuliza mwanamume umri wa baba yangu habari za unyumba. Nimelelewa kuinamisha macho. Nilijizoeza mbele ya kioo, kwa adabu ile ile niliyolelewa nayo, maana swali zito linaweza kuulizwa kwa sauti laini, na nikatanguliza kueleza kwa nini nauliza: maswali haya namuuliza kila mtu, yananisaidia nisikosee dawa.

Lililo zito zaidi ni la familia. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Mama akiletwa, anaingia na mume au mtoto wa kiume mkubwa, na huyo ndiye anayesema. Habari ya ugonjwa mbaya tunawaambia wao kwanza, wao ndio waamue kama mwenyewe ataambiwa. Kule, ukimweleza mtoto siri ya mama bila idhini ya mama, umeharibu kituo. Nilipokuwa najifunza niliona ni desturi yao tu, nitaifuata siku ya mtihani kisha basi. Sasa sioni hivyo. Niliporudi kazini hapa, aliletwa mama mmoja kutoka upande wa Micheweni. Mumewe, mtu mpole na mwenye kumjali mkewe, akaeleza kwamba mkewe anaumwa tumbo. Nikamwambia: "Baba, nipe nafasi kidogo na mama, nimpime." Alitoka bila neno. Mlango ulipofungwa yule mama akasema ana miezi anatoka damu, na alikuwa hajamwambia mtu. Hilo tumbo lisingetuonesha njia.

Tangu hapo ndivyo ninavyofanya. Naamkia wote, nawasikiliza wote, kisha naomba faragha na mwenye mwili wake. Ndugu hawakasiriki ukiwaomba kwa heshima. Na mgonjwa namuuliza angependa nani awepo nikimpa majibu. Wengi wanamtaka mume au mwana, na hapo ndugu anaingia kwa ruhusa ya mgonjwa. Nilijifunza hili kwa ajili ya mtihani wa watu wengine, na wanaofaidika nalo ni mama zetu.

Kwa upande mwingine, yapo tuliyonayo sisi ambayo wenzangu wa nchi nyingine walihangaika kuyajifunza. Kumpa mtu salamu kamili kabla ya shida yake. Kukaa kimya akilia. Kumpokea mtu aliyekuja na hasira bila kujibu kwa hasira. Hayo tumekuwa nayo tangu utotoni, na kule Manchester yana alama.

Wapo wanaosema mitihani hii ni kutudharau waliosoma nje. Nilifanya kazi Uingereza mpaka 2023, nimelisikia sana hilo kutoka kwa madaktari wa Nigeria, Pakistan, Misri. Siwezi kulikubali. Tangu 2024 PLAB inafuata mada zile zile za mtihani mpya wa leseni ambao hata wahitimu wa vyuo vya Uingereza wenyewe sasa wanaufanya. Na hata kabla ya hapo, mimi nikiwa nimemlaza mama yangu kitandani, ningetaka kujua daktari wake kapimwa na nani. Kinachoniumiza ni mtihani wa kificho, popote ulipo: mada hazijachapishwa, anayefeli hajui kafelia wapi, anarudi kuurudia gizani. Mtihani wa haki huwekwa wazi.

Na natamani sisi Zanzibar tuwe na vituo vyetu vya kupimia, kwa magonjwa yetu na lugha yetu. Mama mwenye kifafa cha mimba kaletwa usiku, presha iko juu, unaanza na nini? Mtoto wa selimundu analia kwa maumivu. Mtoto wa skuli anakojoa damu, na nyumba yao iko karibu na bwawa: umefikiria kichocho? Mvuvi kachomwa na mwiba wa taa, mguu umevimba. Mzee wa kisukari kaacha dawa kwa sababu kaambiwa na jirani. Dakika nane, Kiswahili chetu, mtahini kimya pembeni. Tuwapime hivyo waliosoma China, Cuba, Misri, na waliosoma SUZA pia, chuo kikuu chetu cha Zanzibar. Kila mmoja angejua anasimama wapi, na kijana kama mtoto wa mama yangu mdogo angejua hasa cha kwenda kujaziliza.

Kuhusu kwenda Uingereza kwenyewe nitasema kwa ufupi. Sehemu ya pili ya PLAB peke yake ni karibu pauni 1,000, kabla ya viza, tiketi na malazi, na kufaulu si kazi. Siku hizi wako wengi waliofaulu na wanaomba kazi miezi kwa miezi bila jibu. Halafu Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilisema zina upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa mwongozo wa Uingereza waajiri wao hawaruhusiwi kuja kuwasaka madaktari huku. Mtu binafsi akiomba mwenyewe hazuiwi. Kwa hiyo ukiona mtu anakupigia simu kutoka popote anakuahidi kazi ya udaktari Uingereza kwa malipo ya kwanza, usimpe hata shilingi.

Simwambii mtu asiende, nilikwenda mimi. Nilirudi kwa sababu mama alikuwa amekuwa mtu mzima na kwa sababu nilitaka nilichojifunza kitumike hapa.

Mzazi ambaye mwanao bado hajaondoka, kaeni na wakala mtoto akiwepo, na yeye mwenyewe aulize: chuo gani, kimo kwenye orodha, wodi zina wagonjwa wa lugha gani, miaka ya hospitali iko wapi, wahitimu waliopita wamefaulu mtihani gani wa leseni na wa nchi gani. Aombe azungumze na mhitimu mmoja, kwa simu, siyo kwa picha ya joho. Wakala mwenye chuo kizuri hatachukizwa na maswali haya.

Na nyinyi mlioko mwaka wa nne na wa tano, mkija likizo msimalize likizo yote harusini. Ombeni barua ya chuo, iandikieni hospitali, iwe Wete, Chake, Mkoani au iliyo karibu na kwenu, mwombe kukaa wodini chini ya daktari. Njooni na daftari. Tieni kanula, pimeni presha, andikeni faili, kaeni usiku na wakunga. Mkunga wa Pemba mwenye miaka ishirini kazini atawafundisha uzazi ambao hamtaukuta kwenye simu. Jumamosi baada ya alasiri nakuwa nyumbani, na barazani kwetu bado tunaweka dakika nane. Mtoto wa mama yangu mdogo huja, na wenzake wawili waliotoka Khartoum. Mgonjwa wetu siku hizi ni jirani, anayependa sana kazi hiyo, na mtahini ni mama. Atakayependa kuja aniandikie, aje na kalamu na kisa kimoja cha mgonjwa aliyemshinda.